Watu Wanaohesabu Ndege



Wengi wenu mmewahi kuwaona wageni wenye darubini shingoni. Wanashuka garini kando ya msitu au kando ya bwawa. Hawatafuti kivuli wala hawaulizi njia. Wanasimama kimya na kutazama juu ya mti. Baada ya muda mmoja ananyosha kidole, wote wanainua darubini, kisha wanaandika kitu katika daftari. Halafu wanapanda gari na kwenda zao wakiwa na furaha kama wakulima waliouza pamba kwa bei nzuri.

Watu husema mengi juu ya wageni hao. Wengine husema wanatafuta madini. Wengine husema ni wapelelezi. Ukweli ni kwamba wengi wao wanatazama ndege tu. Hawataki kumla ndege huyo, wala hawataki kumfuga. Wanataka kumwona, kumjua kwa jina, na kuandika kwamba siku fulani, mahali fulani, walimwona.

Nchi moja ambayo jambo hili limekuwa kama mchezo wa taifa ni Uingereza. Kule wapo wazee waliostaafu, makarani, madereva na watoto wa shule wanaotumia siku zao za mapumziko kutazama ndege. Shirika lao kubwa, linaloitwa Shirika la Kifalme la Kulinda Ndege, lina wanachama zaidi ya milioni moja, na kila mmoja hulipa ada.

Najua swali lenu. Kutazama ndege kunaleta nini katika sufuria? Ni swali la haki, na nitalijibu nikifika kwenye habari ya kozi na njiwa. Lakini kwanza tuone jambo hili lilivyoanza.

PADRE NA MBAYUWAYU

Mwaka 1789 padre mmoja Mwingereza, Gilbert White, alitoa kitabu juu ya mimea, wanyama na ndege wa kijiji chake. Kijiji hicho kinaitwa Selborne. White hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na macho, subira, kalamu na karatasi. Kila mwaka aliandika siku mbayuwayu walipofika kijijini na siku walipoondoka.

Jambo moja lilimsumbua. Mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi? Siku hizo watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba ndege hao hulala miezi yote ya baridi katika mashimo, au hata ndani ya matope chini ya mabwawa. White alijua kwamba ndege wengi huhama. Lakini hata yeye hakuacha kabisa kufikiri kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha palepale Uingereza.

Jibu lilipatikana baada ya zaidi ya miaka 100. Mwaka 1909 Waingereza walianza kuwavika ndege pete nyepesi miguuni. Kila pete ilikuwa na namba yake na anwani ya London. Mwezi Mei 1911 wakili mmoja, John Masefield, alimvika pete mbayuwayu aliyejenga kiota nyumbani kwake, katika jimbo la Staffordshire. Mwezi Desemba 1912 mbayuwayu yuleyule alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Mtu mmoja wa huko aliisoma pete, akaandika barua London.

Fikirini. Ndege ambaye uzito wake haufikii nusu ya yai la kuku alikuwa amevuka bahari, jangwa la Sahara na misitu mikubwa, safari ya karibu kilomita 10,000. Na habari hiyo isingejulikana kama yule aliyeiona pete asingejua kusoma, au angejua kusoma lakini akaona uvivu kuandika barua.

BUNDUKI NA KOFIA

Msidhani Waingereza walizaliwa na huruma kwa ndege. Katika karne ya 19 mtu aliyependa ndege alichukua bunduki. Alimpiga, akamtoa matumbo, akamjaza pamba, kisha akamweka katika kabati la kioo sebuleni. Wavulana na watu wazima waliiba mayai viotani na kuyapanga katika masanduku, kama wengine wanavyokusanya stempu.

Wanawake wa mjini nao walivaa kofia zenye manyoya ya ndege. Manyoya yaliyotafutwa sana yalikuwa ya yangeyange. Mnamjua ndege huyo mweupe. Manyoya yake mazuri humwota mgongoni wakati wa kuzaa. Kwa hiyo wawindaji walimwua wakati huohuo, na makinda yake yakabaki kiotani yakifa kwa njaa.

Mwaka 1889 mama mmoja aitwaye Emily Williamson, wa Didsbury karibu na Manchester, aliona imetosha. Aliwakusanya wanawake wenzake. Wakaahidiana kutovaa manyoya ya ndege. Huo ndio mwanzo wa lile shirika lenye watu milioni moja. Lilianzishwa na wanawake ambao wakati huo hata haki ya kupiga kura ya kuchagua wabunge hawakuwa nayo. Walifanya kazi miaka 32 mpaka serikali yao ikatunga sheria, mwaka 1921, ya kuzuia manyoya hayo yasiingizwe nchini. Sheria nyingine, ya mwaka 1954, ilikataza kuchukua mayai ya ndege wengi wa porini.

Hivyo bunduki ikawekwa chini na darubini ikachukuliwa. Tamaa ya kumpata ndege ilibaki ileile, ila sasa anapatikana kwa jicho na kuandikwa katika daftari.

WAFUNGWA WA VITA

Wapo wanaosema kutazama ndege ni starehe ya watu wenye pesa. Darubini nzuri ni ghali, hilo ni kweli. Lakini sikilizeni habari hii.

Mwaka 1940 askari mmoja Mwingereza, John Buxton, alitekwa na Wajerumani huko Norwei. Alikaa kambini mpaka vita ilipokwisha mwaka 1945. Kambi ilikuwa na seng'enge na walinzi wenye bunduki. Chakula kilikuwa kidogo. Buxton aliona kwamba ndege mmoja mdogo mwenye mkia mwekundu huingia na kutoka kambini apendavyo. Akaanza kumtazama na kuandika kila alilofanya. Wafungwa wenzake walimsaidia kwa zamu. Mwaka 1943 waliwatazama dume na jike wa kiota kimoja kwa saa zaidi ya 800. Baada ya vita Buxton alitoa kitabu, mwaka 1950, na wataalamu wa ndege wanakisifu mpaka leo. Mwenzake kambini, Peter Conder, baadaye akawa mkuu wa lile Shirika la Kulinda Ndege. Wale hawakuwa na pesa. Walikuwa na muda mwingi na penseli.

Kila penye mapenzi makubwa hapakosi vituko. Katika milima ya Scotland yupo ndege mkubwa mla samaki, jamii ya mwewe, ambaye aliwindwa mpaka akatoweka kama mzalishaji nchini humo mwanzoni mwa karne ya 20. Alipoanza kurudi katika miaka ya 1950, wapenda ndege walilinda kiota chake usiku na mchana. Lakini mwaka 1958 mwizi alipanda mti usiku, akachukua mayai, na mahali pake akaweka mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu! Mwaka uliofuata walinzi walifanya jambo la busara. Badala ya kuficha kiota, waliwakaribisha wananchi waje kukiona kutoka kwenye kibanda cha mbali. Watu 14,000 walikuja mwaka huo wa kwanza. Mwizi atapita wapi mbele ya macho yote hayo?

Na mwaka 1989 ndege mmoja mdogo wa Marekani alipotezwa na upepo, akaangukia katika kiwanja cha kuegesha magari cha duka kubwa huko Kent. Maelfu ya watu walisafiri kutoka pande zote za nchi kwenda kumwona. Waliokwenda kununua mkate walikosa pa kupita. Mimi hapo naona walizidisha kidogo.

KOZI NA NJIWA

Sasa nafika kwenye jibu la swali la sufuria.

Kozi ni ndege mwindaji, jamii ya kipanga. Huwakamata ndege wengine wakiwa angani, na chakula chake kikubwa kule Uingereza ni njiwa. Hujenga kwenye magenge ya mawe, milimani na kando ya bahari.

Wapo Waingereza wanaofuga njiwa wa mashindano. Njiwa hupelekwa mbali na kuachiwa, na wa kwanza kurudi nyumbani hushinda. Mwaka 1960 wafugaji hao walipeleka malalamiko serikalini. Walisema kozi wamekuwa wengi mno na wanawamaliza njiwa wao. Wakaomba sheria inayomlinda kozi iondolewe.

Serikali haikukubali na haikukataa. Ilisema: kwanza wahesabiwe. Kazi hiyo walipewa watazama ndege, chini ya taasisi yao ya utafiti, wakiongozwa na mtaalamu aitwaye Derek Ratcliffe. Mwaka 1961 na 1962 walikwenda kwenye magenge mengi ambayo kozi walijulikana kukaa tangu zamani. Waliyajua magenge hayo kwa sababu watu waliotangulia walikuwa wameyaandika.

Wakakuta mambo kinyume kabisa. Magenge mengi yalikuwa matupu. Penye kozi, mara nyingi hapakuwa na makinda. Viotani yalionekana mayai yaliyovunjika, na wakati mwingine mama mwenyewe ameyala. Kufika mwaka 1963 kozi wa nchi nzima walikuwa chini ya nusu ya idadi yao ya kabla ya vita.

Nini kilikuwa kimetokea? Hapa nawaomba wakulima wasome polepole.

Katika miaka ya 1950 wakulima wa Uingereza walianza kupaka mbegu za ngano dawa mpya za kuua wadudu, zinazoitwa aldrini na dieldrini. Walipanda mbegu hizo. Njiwa wa porini walikuja shambani na kuokota mbegu zilizobaki juu ya udongo. Katika majira ya kuchipua ya miaka ya 1960 na 1961 maelfu ya njiwa na ndege wengine walionekana wamekufa mashambani, hasa mashariki ya nchi. Mbweha walikula mizoga hiyo, nao wakafa. Kozi walikamata njiwa waliolegea kwa sumu, nao wakafa.

Mbegu moja ina sumu kidogo. Njiwa anakula mbegu nyingi, na sumu ya dawa hizo haitoki mwilini upesi. Inakaa katika mafuta. Kozi anakula njiwa wengi, na sumu ya njiwa wote hao inakusanyika ndani yake. Kadiri mnyama anavyokuwa juu katika mstari wa walaji, ndivyo anavyopata sumu nyingi. Na mwanadamu naye, ndugu zangu, hayuko chini katika mstari huo.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa nini mayai yalivunjika? Ratcliffe alipata wazo zuri. Alikwenda kwenye masanduku ya mayai ya zamani, yale yaliyokusanywa na waliokuwa wakiiba viotani. Alipima maganda kwa mizani. Akaona kwamba kuanzia mwaka 1947 hivi maganda ya kozi yalipungua uzito kwa karibu sehemu moja ya tano. Yalikuwa membamba mno, na mama alipoyalalia yalipasuka. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1967. Wataalamu wengine walionyesha kwamba chanzo chake ni DDT, dawa iliyoenea mashambani baada ya vita. Wazee wetu wa pamba wanaikumbuka DDT. Hata hapa kwetu ilipulizwa.

Kwa hiyo tarehe zilizoandikwa juu ya mayai ya wizi zilisaidia kumpata mkosaji mkubwa zaidi. Yai lisilo na tarehe lisingesema kitu.

Kuanzia mwaka 1962 matumizi ya aldrini na dieldrini kwenye mbegu za kupanda yalianza kupunguzwa, hatua kwa hatua, na baadaye yalikomeshwa. DDT nayo ilikomeshwa. Kozi walirudi polepole. Leo wanajenga hata kwenye minara ya makanisa na majengo marefu ya London, na njiwa wa mjini ndio kitoweo chao.

Lile ombi la wafugaji wa njiwa lingekubaliwa bila hesabu, kozi wa mwisho wangepigwa bunduki, na madhara ya sumu kwa kozi yangechelewa kujulikana.

Dawa hizo hazitumiki tena katika kilimo chetu. Lakini mbegu za dukani bado hupakwa dawa nyingine, na ndiyo maana zina rangi nyekundu, kijani au buluu. Rangi hiyo ni onyo. Mbegu hizo hazisagwi hata kama njaa imebisha hodi, hazioshwi zikaliwa, na kuku hawapewi. Zilizobaki baada ya kupanda zifungwe na kuwekwa mbali na watoto. Zilizomwagika shambani zifukiwe. Nimesema hivyo katika mikutano mingi, na kila msimu bado nakuta mtu anawatupia kuku.

SAA MOJA YA JANUARI

Baada ya habari ya kozi, Waingereza walitambua kwamba hesabu ya ndege ni kitu cha maana. Tangu mwaka 1962 watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa mashambani kila mwaka. Na tangu mwaka 1979 iko hesabu ya nyumbani, ambayo kila mtu anaweza kushiriki. Ilianzishwa kwa ajili ya watoto, ikatangazwa katika kipindi chao cha televisheni, na barua zikamiminika kwa maelfu.

Hufanyika siku za mwisho wa wiki, mwishoni mwa Januari. Mtu anakaa dirishani kwa saa moja akitazama ua wa nyumba yake. Kanuni ni moja, na ni ya akili sana. Huandiki kila ndege anayekuja, maana yule aliyekwenda anaweza kurudi ukamhesabu mara mbili. Unaandika idadi kubwa uliyoiona kwa mara moja. Wakija shomoro watatu, wakaondoka, kisha wakaja wanne, unaandika wanne, si saba.

Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni moja walishiriki. Saa moja ya mtu mmoja haina uzito. Saa milioni moja, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha jambo ambalo jicho la mtu mmoja haliwezi kuona. Zimeonyesha kwamba shomoro, ndege anayeonekana kuliko wote, amepungua zaidi ya nusu tangu mwaka 1979. Kwezi naye amepungua sana.

Mashambani hali ni hiyohiyo. Tangu mwaka 1970 ndege wa mashambani wa Uingereza wamepungua zaidi ya nusu, na sababu si sumu peke yake. Zamani nafaka nyingi ilipandwa baada ya baridi, na mabua ya mavuno yalibaki shambani miezi yote ya baridi pamoja na punje zilizoanguka. Ndege waliishi kwa punje hizo. Sasa nafaka nyingi hupandwa kabla ya baridi, na shamba hulimwa mara tu baada ya mavuno. Ua za miti kati ya mashamba ziling'olewa ili trekta lipate nafasi. Mimi ni bwana shamba, siwezi kuwalaumu wakulima wale kwa kutaka mavuno makubwa. Waliyapata. Lakini serikali yao sasa inawalipa wakulima wanaopanda ua upya na kuacha ukingo bila kulima, na kujenga upya ni ghali kuliko kuacha.

Simtetei kweleakwelea. Aliyelima mtama au mpunga anamjua, na habari yake tutaizungumza siku nyingine. Namzungumza mbayuwayu, ambaye hali punje hata moja. Chakula chake ni wadudu wanaoruka.

Mbayuwayu wa Ulaya na Asia hufika kwetu kuanzia Septemba na Oktoba, na huanza kurudi Machi na Aprili. Utamtambua kwa koo lake jekundu, mgongo wa buluu iliyoiva, na mkia uliogawanyika kama uma. Jioni hukaa wengi pamoja kwenye nyaya za umeme au katika matete. Huyu hajengi kiota hapa. Mbayuwayu wanaojenga kwa matope chini ya mapaa yetu ni jamaa zake wenyeji.

Mbayuwayu na ndege wengine wageni bado wanavikwa pete huko watokako. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, usimshike kwa mikono mitupu, kwa sababu ndege hubeba magonjwa. Tumia jani au mfuko wa plastiki, na usimpeleke karibu na kuku. Soma pete yote. Andika namba, herufi na maneno yote kama yalivyo, hata kama huelewi lugha yake. Andika tarehe, jina la kijiji na wilaya. Kisha mpelekee karatasi hiyo afisa wanyamapori wa wilaya, au mpe bwana shamba wako aipeleke.